Barua ya wazi kwa Waziri wa Maji: vipimo vya kisima vikabidhiwe kabla ya kuchimba

Mheshimiwa Waziri,

Mwaka jana majirani wa mtaa wetu hapa Kigamboni tulichanga fedha, tukamwita mpimaji wa maji ya chini ya ardhi, kisha tukachimba kisima kirefu cha mita 70. Maji tuliyapata, ila ni ya chumvi kiasi kwamba sabuni haitoi povu.

Sikusudii kuilaumu njia yenyewe ya kupima. Mpimaji alipigilia vigingi vinne vya chuma kwa mstari mmoja, akapitisha umeme kwenye viwili vya nje na kusoma volti kwenye viwili vya ndani. Kadiri alivyozidi kuvitenga vile vya nje, ndivyo umeme ulivyopita chini zaidi, naye akakokotoa ukinzani wa tabaka, yaani jinsi linavyozuia umeme kupita, kwa kizio cha omu-mita. Tatizo liko katika tafsiri. Kwenye miamba ya bara, kama Dodoma, ambako granite ngumu huwa na ukinzani wa maelfu ya omu-mita, kushuka kwa ukinzani huashiria mwamba uliooza au kupasuka, na hapo ndipo maji yanapotafutwa. Pwani yetu ni mchanga uliopishana na udongo wa mfinyanzi, na bahari iko jirani: ukinzani mdogo waweza kuwa mfinyanzi usiotoa maji, au maji ya chumvi, kwa kuwa maji ya bahari yana takriban omu-mita 0.2 tu. Anayekuja huku na mazoea ya bara hutuelekeza kwenye chumvi kwa nia njema kabisa.

Ripoti tuliyopewa ilikuwa ukurasa mmoja, muhuri mkubwa kuliko maelezo. Haikuwa na jedwali la vipimo wala mchoro wake, hivyo hakuna mtaalamu mwingine aliyeweza kuipitia kabla hatujalipia mtambo wa kuchimba.

Naomba kanuni imlazimishe mpimaji kukabidhi jedwali na mchoro kwa mteja na kwa ofisi ya Bonde la Wami/Ruvu, inayosimamia maji ya eneo letu, na mchimbaji aambatishe orodha ya tabaka alizopita pamoja na kipimo cha chumvi, hata kisima kikishindikana, ili mpimaji anayefuata alinganishe namba zake na udongo halisi.

Chetu kiwe cha kwanza. Wachimbaji walipanga udongo chini mita kwa mita, na kijana mmoja wa mtaa aliupiga picha wote. Tutazikabidhi siku tutakayoitwa.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Kigamboni, Dar es Salaam