Kabla ya kuuziwa seva, ulizeni mashine ngapi zitaandika

Mhariri,

Naomba nafasi nitoe dukuduku langu kuhusu mafundi wanaotufungia seva mashuleni.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Muheza. Chumba cha kompyuta kiliniangukia kwa sababu tu niliwahi kuonekana na bisibisi mkononi. Mwaka jana fundi alitufungia Linux kwenye mashine kuukuu, akatengeneza diski pepe ya GB 200, akaigawa mtandaoni kwa iSCSI (njia ya kuazimisha diski kupitia mtandao), kwa kutumia programu ya LIO. Kompyuta ya ofisi, yenye Windows, ikaiona kama diski yake ya ndani. Raha tupu! Maktaba nao wakaitaka. Fundi akaongeza jina la mashine yao kwenye orodha ya wanaoruhusiwa, akaondoka.

Wiki ya pili alama za kidato cha tatu zilizoingizwa ofisini hazikuonekana maktaba. Nikazima, nikawasha. Majina ya mafaili yakawa herufi za ajabu ajabu na folda nyingine hazifunguki kabisa. Fundi akasema LIO ndiyo mbovu, tuhamie tgt au SCST, programu nyingine za kazi hiyohiyo. Kwa malipo mapya, bila shaka.

LIO imo ndani ya kernel, yaani kiini cha Linux, tangu 2011, na hapa haikukosea chochote. iSCSI hupitisha vipande vya diski tu. Faili gani limekaa wapi, hiyo ni kazi ya kompyuta iliyounganishwa, na kila moja huamini diski ni yake peke yake. Ofisi ikiandika, maktaba haina habari, nayo inaandika palepale. Tungebadilisha programu mara kumi, yangetukuta yaleyale.

Tulichohitaji ni kugawana mafaili. Nimeweka Samba, programu ya kazi hiyo, jioni moja: sasa seva ndiyo inayoandika, wengine wanaiomba. iSCSI nimeibakiza kwa mashine moja tu, ya kuhifadhia nakala, na LIO ni ileile. Nimezima pia kile kipengele cha LIO kiitwacho write_back, kinachochelewesha kuandika diskini, maana umeme wetu mnaujua, na data iliyokuwa ikisubiri kwenye RAM hupotea nao.

Alama tuliziingiza upya kutoka kwenye karatasi, walimu watatu, jioni tatu. Fundi bado ananipigia simu kuhusu SCST.

Mwalimu,
Muheza, Tanga