Gari la spoti: manyuali au otomatiki? Fikiria Sachangwan kwanza

Mwezi uliopita alitujia sisi mafundi wa giaboksi wa Nakuru kijana mmoja na picha mbili kwenye simu. Moja ilikuwa ya Subaru WRX STI ya manyuali, nyingine ya WRX S4 ya otomatiki, zote za mwaka 2018, bei zikikaribiana. Alitaka kujua ipi ina mbio zaidi. Sisi tukamuuliza letu: unalala wapi, unafanya kazi wapi, na kwa wiki unapanda milima ya Mau mara ngapi?

Kazi iko Kisumu, familia iko Nakuru. Kila Ijumaa jioni anaondoka Kisumu, mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, anapanda Kericho na Londiani hadi Mau Summit, kisha anateremka Sachangwan na Salgaa mpaka Nakuru, kwenye mita 1,850. Jumatatu alfajiri anairudia safari hiyo hiyo kinyume. Tukamwambia aweke simu mfukoni kwanza tuzungumze habari ya barabara.

Swali la kijana huyu tunaulizwa mara kwa mara, na majibu mengi yanayozunguka mtandaoni yametoka kwa watu wanaoendesha kwenye viwanja vya mbio vya Ulaya. Kazi yetu hapa Nakuru ni giaboksi. Zikiharibika tunazifungua kwa mikono yetu, na tunaona kilichoziua. Ndiyo maana tumeona tuyaandike haya kabla hujatuma pesa Japani au kwa muuzaji wa hapa nyumbani.

Habari ya mbio tuimalize mapema. Otomatiki nzuri za leo hubadilisha gia haraka kuliko mkono wa binadamu yeyote. Toyota GR Supra ya lita 3 ilitoka mwaka 2019 ikiwa na otomatiki ya gia 8 pekee. Manyuali ya gia 6 iliongezwa mwaka 2022 kwa sababu wateja waliitaka. Kwa takwimu za Toyota yenyewe, kutoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa otomatiki inachukua sekunde 4.3 na manyuali 4.6. Nissan GT-R ya R35, tangu ilipotoka 2007, haikuuzwa na manyuali hata siku moja. Porsche nao waliiondoa manyuali kwenye 911 GT3 ya mwaka 2013, kisha wakairudisha 2017, ingawa kwa saa ya kupimia mbio bado ndiyo iliyokuwa nyuma. Walioirudia walikuwa wanatafuta kitu kingine. Kwa hiyo kama ni mbio tupu, otomatiki imeshinda na hakuna haja ya kubishana. Lakini nyuma ya lori la makontena linalopanda kwa kilomita 15 kwa saa, hizo sehemu tatu za kumi za sekunde huna pa kuzitumia.

Linalotusumbua zaidi ni kwamba neno otomatiki linafunika mashine tatu tofauti kabisa, na hapo ndipo wengi huingia mkenge.

Kuna ile ya toki konvata. Kati ya injini na gia kuna chombo kilichojaa oili, na oili hiyo ndiyo inayopeleka nguvu ya injini kwenye gia. Ndiyo iliyomo kwenye Supra na kwenye BMW nyingi za sasa. Kuna ile ya klachi mbili, ambayo Volkswagen huiita DSG na Porsche huiita PDK. Ukiifungua utakuta ni ndugu wa manyuali: gia za kawaida na klachi za kawaida, ila klachi moja inashika gia za witiri na nyingine gia za shufwa, na kompyuta ndiyo inayozikanyaga. Ukiwa kwenye gia ya tatu, ya nne imeshaingizwa tayari, inangoja zamu yake. Volkswagen waliiuza kwa mara ya kwanza kwenye Golf R32 mwaka 2003, na leo Golf GTI na Golf R nyingi tunazoziona hapa zinayo. Halafu kuna CVT, isiyo na gia hata moja, bali mnyororo au mkanda unaopanda na kushuka kati ya puli mbili.

WRX S4 ya yule kijana ilikuwa na CVT. Yeye aliamini ni STI iliyowekewa otomatiki. Hapana. Hata injini si moja: STI ya Japani ya miaka hiyo ina EJ20 ya nguvu farasi 308, na S4 ina FA20 ya nguvu farasi 300. S4 ni gari zuri la safari, limetulia na halichoshi dereva. Ila mtu akitaka kuliongezea nguvu baadaye, au kulipeleka kwa ukali kila wiki mlimani, sisi tunamwambia wazi kwamba CVT haikutengenezwa kwa maisha hayo.

Sasa njoo kwenye foleni ya mlima. Lori limezimika Sachangwan, mmepangana, unasogea mita tatu unasimama. Dereva wa manyuali anayejua kazi yake huvuta breki ya mkono, hungoja nafasi ya kutosha ifunguke mbele, kisha huondoka mara moja na kuachia klachi yote. Asiyejua hulishikilia gari kwa nusu klachi, na baada ya dakika chache ile harufu ya diski ya klachi inayoungua inajaa ndani. Angalau anaisikia, na mguu wake unajua umekosea wapi.

Mwenye klachi mbili hufanya kosa lile lile bila habari, kwa kuwa hana pedali ya kumkumbusha. Anaachia breki kidogo, gari linatambaa, anakanyaga tena, linatambaa tena. Au analishikilia gari lisirudi nyuma kwa kugusa mafuta kidogo kidogo. Kila anapofanya hivyo klachi zinasuguana huko ndani na joto linapanda. Taa ya onyo kwenye dashibodi huja joto likiwa limeshafika. Tumefungua giaboksi za klachi mbili ambazo gia zake zilikuwa nzima kabisa, meno yanang'aa, lakini klachi zimeliwa mpaka mwisho, na mwenye gari akatuapia kwamba hajawahi kuliendesha vibaya. Tulimwamini. Hakuna aliyemwambia kwamba ndani kuna klachi. Kama gari lako ni la namna hiyo, kaa kwenye breki mpaka nafasi ya gari zima ifunguke mbele yako, ndipo uondoke bila kusitasita.

Toki konvata haina ugonjwa huo. Oili yake hupata joto, ndiyo, lakini kutambaa hakuimalizi kama kunavyomaliza diski. Kwa hiyo mtu anayekula foleni kila siku, iwe ni kutoka Free Area kuingia mjini asubuhi au safari za Nairobi mara tatu kwa wiki, sisi tunampendekezea toki konvata bila kusita, hata kama moyo wake uko kwenye manyuali. Mguu wa kushoto huchoka, na barabara zetu zina matuta mengi: kila tuta ni kukanyaga klachi mara mbili, na klachi ya gari lenye nguvu ni nzito kuliko ya Vitz.

Kuteremka ndiko kunakotutia wasiwasi kuliko yote, kwa sababu huko si suala la pesa tena. Malori yameamriwa yashuke kwa gia ndogo kuelekea Salgaa, na sababu inayowahusu wao inakuhusu na wewe. Breki zikitumika mfululizo kwenye mteremko mrefu hupata moto, na zikipata moto hupoteza nguvu ya kushika. Dereva wa manyuali hupunguza gia kwa mazoea, gari likashikwa na injini. Dereva wa otomatiki akiacha kwenye D, yaani nafasi ya kwenda mbele, giaboksi nyingi hupanda hadi gia ya juu ili kuokoa mafuta, gari linakimbia lenyewe, na kazi yote inabaki kwa breki. Magari haya yana vishikio viwili nyuma ya usukani vya kupandisha na kushusha gia. Vile si mapambo! Tuliwahi kuletewa gari la klachi mbili lililokuwa likitetemeka kila lilipofungwa breki. Diski za breki za mbele zilikuwa zimegeuka rangi ya samawati kwa moto, na mwenyewe alikuwa hajagusa vishikio hivyo tangu siku aliyolinunua. Tulikaa naye ndani ya gari tukamwonyesha. Tafadhali, kama unalo, jifunze wiki hii: kabla ya mteremko kuanza, shusha gia mbili, uone gari linavyotulia.

Jambo jingine ambalo makala za ng'ambo haziligusi ni hewa yetu. Huku juu hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo, kile kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi, hupoteza nguvu kwa kiasi hicho hicho. Nakuru imepoteza kama sehemu moja kati ya sita. Timboroa, juu ya mita 2,700, imepoteza karibu robo. Toyota 86 ya lita 2, yenye nguvu farasi 200 kwenye karatasi, ikifika Timboroa ina kama 150. Otomatiki ya gari kama hilo huhangaika mlimani: inapanda gia, inakosa nguvu, inashuka, inapanda tena. Kwa manyuali unachagua gia ya tatu, unaishikilia, mambo yamekwisha. Ndiyo maana kwa Toyota 86 na ndugu yake Subaru BRZ ushauri wetu kwa wakazi wa huku ni manyuali, isipokuwa una sababu ya mguu au ya leseni. Injini ya turbo huumia kidogo tu kwa mwinuko, ila nayo hutaka uwe umeshusha gia kabla ya kulipita lori, usingoje turbo iamke ukiwa tayari upande wa pili wa barabara.

Upande wa matengenezo, klachi ya manyuali, presha pleti na beringi yake ni kazi ambayo fundi makini hapa Nakuru anaimaliza bila kuagiza kompyuta kutoka nje. Klachi mbili na toki konvata zinataka mashine ya kusoma kompyuta ya gari, oili yenyewe hasa, na mtu anayejua utaratibu. DSG ya gia 6 yenye klachi zinazoogelea kwenye oili hutakiwa kubadilishwa oili kila kilomita 60,000, na kiwango chake hupimwa oili ikiwa na joto la kati ya nyuzi 35 na 45. Ukipima ikiwa baridi au ikichemka umekosea. Wapo wauzaji watakaokuambia oili ya otomatiki ni ya maisha. ZF, waliotengeneza giaboksi ya Supra, wao wenyewe wanapendekeza ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Ukitaka kujua kama otomatiki itakudumu, usiulize ina mbio gani. Omba risiti ya oili ya gia.

Leseni nayo itazame kabla ya kulipa. Aliyefanyia mtihani otomatiki na kupewa daraja la B1 haruhusiwi kuendesha manyuali, anahitaji B2. Na kwa kuwa sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, magari ya manyuali yanazidi kuadimika bandarini. Machi 2022 Subaru walitangaza kwamba WRX ya kizazi kipya haitapata STI ya petroli. Anayeitaka ile ya mwisho kutoka Japani hana miaka mingi.

Mimi ninayeandika naendesha manyuali, na sina hesabu ya kuitetea. Ni ile barabara ya kutoka Kericho kuteremka Ahero, chai kushoto na kulia, ukiingia kona na gia ya tatu uliyoichagua mwenyewe, injini ikikushika kama ulivyotaka. Mtu anayeitaka raha hiyo hatumkatazi hata siku moja. Tunachomwomba ni anunue iliyo nzima.

Tulienda na yule kijana kuiona STI. Kwenye barabara tambarare tuliingiza gia ya nne mwendo ukiwa mdogo, tukakanyaga mafuta yote: mizunguko ya injini ikaruka, gari likabaki nyuma. Klachi imeisha. Kushuka gia ya pili ikiwa baridi kulikuwa laini, bila mkwaruzo, maana yake sinkro, zile pete zinazolinganisha mwendo wa gia kabla hazijashikana, ni nzima. Muuzaji alipoona hayo kwa macho yake alitoa kwenye bei ya gari gharama ya klachi mpya na kazi yake, na kijana akalichukua. Klachi tulimfungia sisi, na tukampa masharti: kilomita 800 za kwanza asiondoke kwa kishindo.

Ukaguzi huu tunaufanya Jumatatu hadi Jumamosi, kwa manyuali na kwa aina zote tatu za otomatiki, na tunakufuata gari liliko kuanzia Naivasha hadi Kisumu. Mwambie muuzaji asiliwashe asubuhi hiyo kabla hatujafika. Klachi mbili inayoshtuka ikiingizwa rivasi, au toki konvata inayokawia kushika D, huonekana dakika chache za kwanza injini ikiwa baridi, na ikishapata moto huenda usiione tena mpaka gari liwe lako.