Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: Turuhusu Kiswahili katika somo la uzazi

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,

Mimi ni mwalimu wa baiolojia katika sekondari ya kata, huku Mbagala. Nakuandikia kwa sababu ya swali aliloniuliza binti mmoja wa Kidato cha Tatu, wenzake walipokwisha kutoka darasani.

"Mwalimu, ni kweli mama ndiye anayesababisha kuzaliwa wasichana watupu?" Kwao wamezaliwa wanne, wote wa kike, na baba ameshaondoka nyumbani kwa ajili hiyo.

Siku hiyohiyo nilikuwa nimefundisha meiosisi, yaani mgawanyiko wa seli unaotengeneza yai na mbegu, vipindi viwili, kwa Kiingereza kama inavyotakiwa. Hatua zote walizinakili. Binti huyu alikuwa na jibu ndani ya daftari lake na hakujua kwamba analo.

Nikamweleza kwa Kiswahili. Seli ya mwili wa binadamu ina kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba urithi, 46, ambazo ni jozi 23. Jozi moja ndiyo ya jinsi: mwanamke ana X mbili, mwanamume ana X na Y. Kwa hiyo yai la mama halina cha kutoa ila X. Mbegu ya baba ndiyo huja na X au Y. Akanyamaza, kisha akaniomba nimwandikie kwenye karatasi akamsomee mama yake.

Wiki iliyofuata nilipita Kariakoo nikanunua doti mbili za khanga, nikaingia nazo darasani. Doti ambayo haijakatwa ni vipande viwili vilivyoshikana, pindo lilelile, mji uleule, jina lilelile. Ndivyo ilivyo kromosomu iliyokwisha kujinakili. Katika mitosisi, yaani mgawanyiko wa kawaida wa seli za mwili, unakata doti, kila seli inachukua kipande chake, na zote mbili zinabaki na 46. Hivyo ndivyo kidonda kinavyoziba na mtoto anavyorefuka. Katika meiosisi, doti iliyotoka kwa mama na ile iliyotoka kwa baba hukaa kwanza pamoja, hata hubadilishana sehemu, kisha zinaachana, ndipo kila moja inapokatwa. Migawanyiko miwili, seli nne, kila moja na 23. Wavulana wa nyuma, ambao neno uzazi likitajwa huinamisha vichwa, ndio waliogombania mkasi.

Nikawaambia pia kwamba yai huanza meiosisi msichana akiwa bado tumboni, kisha husimama hadi abalehe. Maana yake yai lililokuzaa wewe lilianza kutengenezwa mama yako akiwa ndani ya tumbo la bibi yako. Baada ya hapo maswali hayakukoma. Yai likishatoka huishi muda gani? Takriban siku moja. Na mbegu? Zinaweza kudumu hadi siku tano. Hapo wasichana kadhaa walitazamana, kwa sababu wamekuwa wakihesabu "siku salama" kwa vidole.

Kwa sababu ya kipindi hicho nilionywa na kiongozi wangu kwamba nimekiuka lugha ya kufundishia. Mzazi mmoja naye alikuja kulalamika kwamba nawafundisha watoto mambo ya wakubwa. Mzazi namwelewa, nilikaa naye, tukaelewana. Onyo ndilo linalonikaa moyoni.

Mheshimiwa, Novemba 2021 Serikali iliruhusu wasichana waliokatiza masomo kwa ujauzito warudi shuleni, na niliishukuru kwa moyo wote. Mmoja wa waliorudi kwangu aliniambia kwamba muhula aliopata mimba ndio huohuo aliopata alama zote kwenye mchoro wa mfumo wa uzazi. Majina yote aliyaweka mahali pake, kwa Kiingereza, bila kosa.

Siombi mtihani ubadilishwe. Naomba waraka mfupi unaomruhusu mwalimu wa baiolojia kueleza mgawanyiko wa seli na uzazi wa binadamu kwa Kiswahili, wavulana na wasichana wakiwa darasa moja, kisha arudi kwenye istilahi za Kiingereza watakazokutana nazo kwenye karatasi ya mtihani. Watoto hawa walisoma sayansi kwa Kiswahili hadi darasa la saba. Mambo ya miili yao wanayaulizia kwa lugha hiyohiyo, nje ya darasa, kwa watu wasioyajua.

Muhula ujao nitaifundisha mada hii kwa mikondo miwili iliyobaki. Naomba waraka huo uwe umetufikia.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa baiolojia,
Mbagala, Dar es Salaam