Tovuti ya laki mbili na nusu ilivyorudi mikononi mwetu

Wiki iliyopita mama mmoja mfanyabiashara wa dagaa kutoka Kibirizi aliingia ofisini kwetu hapa Mwanga, Kigoma, tunakojenga tovuti, akiwa amekasirika. Tulikuwa tumemtajia laki saba kujenga upya tovuti yake ya kupokea oda. Mwaka juzi aliilipia laki mbili na nusu kwa kijana wa chuo. "Mnaniibia, wanangu," alisema. "Tovuti ipo. Rekebisheni tu pale palipoharibika."

Maneno hayo tunayasikia karibu kila mwezi, kwa hiyo acheni nieleze.

Tuliifungua akiona. Kijana alikuwa ametumia fremuweki iitwayo AngularJS. Fremuweki ni kazi iliyokwisha kuandaliwa: namna ya kuingiza wateja, kupokea fomu, kuzungumza na kanzidata (ghala la taarifa), ili fundi asichimbe msingi upya kila mara. Hiyo AngularJS ilitoka Google mwaka 2010 na vijana wakaikimbilia. Mwaka 2016 ikaja Angular mpya iliyoandikwa upya, na kazi ya zamani haikuhamia kirahisi. Mwisho wa 2021 Google wakaacha kabisa kuihudumia ile ya kwanza. Kijana alijifunza kwa video za zamani, akamjengea mama kwa matofali ya kiwanda kilichofungwa. Sasa yuko Dodoma na simu hapokei.

Kwa hiyo jina la kampuni kubwa peke yake halitoshi. React, chombo kingine cha kujengea tovuti, nayo ilitoka kampuni kubwa, Facebook, mwaka 2013, na imedumu, kwa sababu wenyewe waliitumia kujenga bidhaa zao na mafundi wengi mno wakaizoea. Wingi huo wa watu ndio ninaouangalia mimi kwanza. Fremuweki yenye watu wengi ina maelezo mazuri, na ukikwama saa sita usiku unakuta mwenzako alishakwama palepale na akajibiwa. Waajiri wanatafuta wanaoijua, basi wanafunzi wanaisoma, na wingi unazidi.

Halafu kuna suala la mfuko. Sisi tunatumia WordPress, mfumo wa tovuti ulio tayari, kwa tovuti za kawaida, na fremuweki ya Laravel kwa mifumo ya oda na malipo. Zote zinasimama juu ya PHP, lugha ya kuandikia programu aliyoitoa Rasmus Lerdorf mwaka 1995, na PHP inakubalika hata kwenye seva (kompyuta zinazobeba tovuti) za bei ya chini kabisa. Kijana wa Kasulu anaweza kuiweka kazi yake mtandaoni siku hiyohiyo. Rails, fremuweki nyingine isiyotumia PHP, aliyoitoa David Heinemeier Hansson mwaka 2004, ni nzuri sana, na Laravel ya Taylor Otwell, iliyokuja 2011, imeazima mengi kwake. Lakini kuisimamisha Rails kwenye seva za bei nafuu ilikuwa taabu, na hapa Kigoma sijakutana na fundi wake hata mmoja. Nikikujengea kwa Rails leo, kesho nikiugua, nani atakushika mkono?

Mafundi wengine wanatucheka kwamba PHP ni ya kizamani. Waacheni. Mwaka jana mwenye nyumba ya wageni Ujiji alituletea tovuti ya Laravel ambayo hatukuijenga sisi. Tulisoma kodi, yaani maandishi ya programu, asubuhi, jioni fomu yake ya kuhifadhi chumba ikafanya kazi, tukamtoza elfu themanini. Ingekuwa fremuweki iliyoachwa, tungeanza sifuri kama kwa mama wa dagaa.

Laki saba yetu ina bakapu (nakala ya akiba) ya kila wiki, kupandisha toleo la fremuweki kwa mwaka mzima, na domeini (anwani ya tovuti) inayosajiliwa kwa jina lako mwenyewe. Tunakukabidhi pia kodi yote kwenye flashi, na karatasi inayotaja fremuweki na toleo lake. Mama alisoma karatasi hiyo mara mbili, akauliza kama anaweza kulipa kwa awamu tatu. Tumekubali, na awamu ya kwanza ameshalipa.