Kabla hujalipia hiyo sola

Mwanangu Neema,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma, na ile karatasi ya bei aliyokupa muuza sola nimeikuza kwenye simu nikaipitia mstari kwa mstari. Paneli mbili za wati 200, betri moja ya maji ya volti 12, Ah 100 (ampea-saa, yaani kiasi cha umeme inachohifadhi), inveta ya wati 1,500 ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani. Chini kabisa ameandika: "Inabeba nyumba nzima." Nyumba ya nani?

Unasema uniti za LUKU zinayeyuka. Sasa kabla ya kuzalisha umeme wako, ujue kwanza huo unaonunua unaishia wapi. Kinacholamba uniti nyumbani ni kile kinachotoa joto. Taa na runinga zinasingiziwa tu. Soma kibandiko cha hiyo hita ya bafuni. Tuseme ni wati 5,000, na uniti moja ni wati 1,000 zikitumika saa nzima. Mtu akioga dakika 10, uniti 0.83 imekwenda. Mko wanne, na asubuhi za Dodoma za Juni na Julai hakuna anayetoka bafuni upesi. Hata mkioga mara moja tu kwa siku, mwezi unaisha mmekula uniti 100. Kwa shilingi 292 kwa uniti hiyo ni 29,200, kodi bado hazijawekwa.

Ndoo ya lita 15, kuipasha kutoka nyuzi 22 hadi 40, inataka uniti kama 0.3 tu. Kwa hiyo anza na bafuni, mwanangu: ndoo na kata, kama ulivyokulia hapa Morogoro. (Ukitumia ile koili ya kutumbukiza, chomoa plagi kwanza ndipo mtu atie mkono. Hapo sina utani.) Mkipata fedha baadaye, wekeni tangi la kupasha maji kwa jua juu ya paa.

Turudi kwenye betri. Volti 12 mara 100 ni wati-saa 1,200. Betri ya maji haikamuliwi zaidi ya nusu, ukizoea kuimaliza inakufa mapema. Zimebaki 600. Taa sita za LED za wati 9, saa tano, 270. Runinga ya wati 50, saa nne, 200. Ruta ya wati 10, saa kumi, 100. Jumla 570, na hapo betri imemaliza kazi yake. Mumeo akichomeka pasi ya wati 1,000 badala ya hivyo vyote, ataipata nusu saa na kidogo, kisha mkae gizani. Vifaa vyenyewe si vibaya, ni maneno ya muuzaji ndiyo yamezidi. Nunua kwa ajili ya taa, runinga, ruta na simu, ili umeme ukikatika wajukuu zangu waendelee kusoma. Na ukiweza kuongeza fedha kidogo, chukua betri ya lithiamu. Hiyo unaitumia hadi asilimia 80, na haidai kuongezewa maji.

Fundi akija kufunga, usimwache peke yake. Wengi huangalia upande wa paa ulio rahisi kupanda. Sisi tuko kusini mwa ikweta, paneli zitazame kaskazini, ziinuke kidogo tu, nyuzi 10 hadi 15, mvua ipate kuteremsha vumbi. Kiangazi chenu ni kirefu, kwa hiyo mtu apande kuzifuta kwa kitambaa chenye maji, asubuhi kabla hazijashika moto. Na ule mti wa uani ukatwe matawi: kivuli cha tawi moja kinatosha kushusha umeme wa paneli nzima.

Jikoni, lile jiko la presha la umeme uliloniuliza, nunua. Likishashika presha linazima na kuwaka lenyewe, na maharage makavu yanaiva kwa chini ya nusu uniti. Mama yako anasema maharage yasiyopitiwa na moshi si maharage. Sijamjibu. Friji nayo, bana noti kwenye mlango kisha uivute. Ikitoka kirahisi, mpira umechoka, badilisha.

Huyo jirani anayesema Bwawa la Nyerere linatoa megawati 2,115 hivyo kubana umeme ni ushamba, mwulize kama ndiye atakayekununulia uniti.

Jumapili jioni andika uniti zilizobaki kwenye mita. Jumapili inayofuata andika tena, na usisahau kujumlisha ulizonunua katikati. Nitumie namba zote, pamoja na picha ya kibandiko cha hiyo inveta. Mpaka hapo yule muuza sola usimpe hata kianzio.

Wasalimie wajukuu.

Baba yako