Karatasi ya shamba siitii saini

Houston, Texas

Dada Mwanahawa,

Shikamoo. Mimi mzima, hofu kwenu tu. Ada ya Salma nimeituma tangu Ijumaa. Mabati ya jikoni yasubiri mwisho wa mwezi, maana kodi ya nyumba huku haimsubiri mtu.

Kwanza nijisifu, kwa kuwa huko hakuna wa kunisifu. Leseni ya malori makubwa nimepata! Yule mliyesema baiskeli ya Mzee itamshinda sasa anashusha mzigo Dallas na kurudi. Mwambie Kaka Hamisi hivyo hivyo.

Karatasi yake imefika. Eti shamba la Muheza liuzwe, wote mmeshatia saini, nimebaki mimi. Kisha Shangazi ananipigia usiku wa manane kuniuliza kama Marekani imenifanya niwe mkubwa kuliko wakubwa zangu. Dada, saini yangu hawaipati.

Nikielekea Dallas napita Huntsville. Pale kando ya barabara kuna sanamu nyeupe ya mtu mwenye fimbo, futi 67, imeipita miti yote. Ni Sam Houston, ndiye aliyeupa mji huu jina. Nilimsoma kwenye simu nikisubiri kushushiwa mzigo, na tangu hapo nikimpita nampungia mkono.

Bwana huyu alikuwa gavana wa Tennessee. Januari 1829 akamwoa Eliza Allen. Haikufika miezi mitatu bibi kesharudi kwao. Houston akajiuzulu ugavana, akaenda kuishi na Wacherokee, kabila la wenyeji wa asili wa huku, waliowahi kumpokea ujanani kama mtoto wao. Watu wakauliza, wakazua, wakachoka. Sababu hadharani hakuitoa mpaka anakufa. Hapo Shangazi asomewe mara mbili, kabla hajaniuliza tena habari za Mama Aisha.

Baadaye akahamia Texas. Mwaka 1836 akalishinda jeshi la Mexico pale San Jacinto, vita vya dakika 18 hivi, akawa rais Texas ilipokuwa nchi, kisha seneta, na mwaka 1859 wakamchagua gavana. Mwaka 1861 Texas ikajitenga na Marekani ili utumwa usiguswe. Maofisa wakatakiwa kula kiapo kwa serikali mpya. Machi 16 ikawa zamu ya mzee, miaka 68. Akakataa. Wakasema kiti ki wazi, wakamweka naibu wake, Edward Clark. Lincoln, rais wa Marekani, alikuwa tayari kumpa askari abaki madarakani. Askari nao akawakataa, hakutaka watu wauane kwa ajili yake. Akafungasha na mkewe na watoto, akaondoka. Na kijana wake mkubwa akaenda kupigania upande ule ule aliokataa kuuapia! Mambo ya familia, Dada, yako kila mahali.

Msidhani namfanya walii. Alimiliki watumwa, watu weusi kama sisi, na siku nyingine nikilikumbuka hilo nampita bila hata kumtazama.

Ila kwa hili la karatasi namfuata. Saini sitii, na mahakamani siendi. Hamisi akitaka kuuza fungu lake, auze fungu lake, sitamtafutia wakili wala sitamsema kwa watu. Lakini kule chini mtoni, kwenye michungwa aliyoipanda Mzee, pabaki. Machungwa ya dukani huku yanang'aa, ukimenya hayanukii. Juzi nilimenya moja ndani ya lori nikaliweka pembeni, likakaa mpaka Dallas.

Na mtu asiniambie kwamba sijui hali ya huko. Paa la nyumba ya Bi Mkubwa nililiezeka mimi, na Hamisi anakunywa chai chini yake kila jioni.

Asitume karatasi nyingine. Msalimie Bi Mkubwa, Mjomba Shabani na watoto wote. Hamisi naye msalimie.

Mdogo wako,
Rajabu