Kuonya peke yake hakutoshi, tufundisheni kukagua

Mhariri,

Kila uchaguzi ukikaribia au gonjwa likizuka, matangazo huanza: jihadharini na uzushi, msisambaze habari msizo na uhakika nazo. Nia ni njema. Tatizo ni kwamba anayesambaza uzushi mara nyingi ana uhakika kabisa. Video ameiona kwa macho yake na katumiwa na mtu anayemheshimu, kwa hiyo onyo hilo hulisikia kama linamhusu mwingine.

Tena siku hizi tunazungumza kana kwamba uongo wote unapikwa na akili mnemba (AI). Upo huo, sikatai. Machi 2022 ilienea video bandia ya Rais Zelensky wa Ukraine akiwataka askari wake wasalimu amri. Lakini uzushi mwingi unaozunguka kwenye magrupu ni picha halisi, ila ni ya miaka iliyopita au ya nchi nyingine, imebandikwa maelezo mapya. Hapo hakuna vidole sita vya kuhesabu, kama kwenye baadhi ya picha za akili mnemba.

Picha ya aina hiyo hukaguliwa kwa dakika chache. Simamisha video, piga picha ya skrini, itafute kwa Google Lens, huduma ya kutafuta kwa picha, uone ilishawahi kutokea wapi na lini. Soma mabango, tazama namba za magari na sare za askari. Magari yakipita upande wa kulia, na nchi inayotajwa watu wake huendesha kushoto, hadithi imekwisha.

Sauti ndizo ngumu. Utamsikia mtu anajiita daktari wa "hospitali kubwa": jina lake hasemi, hospitali haitaji, tarehe hakuna, halafu anakusihi uwatumie wote uwapendao. Ukikuta na mishale miwili ya WhatsApp, ujue ujumbe umepita mikono mingi kabla ya kukufikia, na aliyekutumia huenda hamjui hata aliyeurekodi.

Wapo wanaotupa lawama zote kwa roboti, yaani akaunti za mitandaoni zinazoendeshwa na programu. Watafiti wa chuo cha MIT cha Marekani waliofuatilia habari zipatazo 126,000 zilizosambaa Twitter kati ya 2006 na 2017 walikuta habari ya uongo ina uwezekano wa asilimia 70 zaidi wa kusambazwa upya kuliko ya kweli, na hata roboti zilipoondolewa kwenye hesabu, uongo uliendelea kuongoza. Waliousukuma ni watu. Na madhara yake si ya kwenye simu tu: Iran, mwaka 2020, mamia walikufa kwa kunywa methanoli, na miongoni mwao walikuwamo walioamini kuwa pombe inaponya korona.

Sasa nigeuke kwako, Mhariri. Gazeti lako huandika kwamba habari fulani ni uzushi, basi. Tuonyesheni mlivyogundua, hatua kwa hatua, pamoja na picha ya awali na tarehe yake, ili kesho msomaji afanye mwenyewe. Na gazeti lenyewe likiteleza likaokota cha mtandaoni (hutokea, tusidanganyane), masahihisho yasifichwe pembeni mwa ukurasa wa ndani. Yatokee palepale kosa lilipotokea, kwa herufi za ukubwa uleule, na kwenye kurasa zenu zote za mitandao zilizobeba kosa hilo.

Msomaji wenu wa kila siku